Nanga za Mektilda wa Kasoli

Mektilda hakai. Ndivyo wanavyosema majirani wa karakana yake pale Bariadi. Ukimkuta ameketi, ujue anavaa buti au anazivua. Chai anainywa akiwa amesimama, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine unatomasa bomba la chuma kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Kanisani huchagua benchi la mwisho karibu na mlango, na padri akirefusha mahubiri, yeye yuko nje tayari anaangalia bawaba za geti la parokia, ambazo alizichomelea mwenyewe.

Alizaliwa Kasoli, kwa watu wa pamba. Mama yake, Nyanjige, anasema mtoto huyu alianza kuvunja vitu kabla ya kuota meno yote, na alianza kuviunga muda mfupi baadaye. Kaka yake Mhoja alikuwa wa aina nyingine. Mhoja alikuwa mchungaji. Aliweza kukaa juu ya kichuguu tangu umande haujakauka mpaka ng'ombe wameshiba, na akirudi nyumbani hana la kusimulia, lakini amefurahi. Plau ya baba yao ilipovunjika katikati ya msimu, Mhoja alisema fundi atapita. Mektilda aliibeba kichwani mpaka kwa fundi, akasimama pale mlangoni akitazama cheche, na fundi alipomwambia asitazame moto kwa macho matupu, akaomba miwani.

Baadaye alisomea uchomeleaji Mwanza, msichana peke yake darasani, akarudi Bariadi akafungua karakana. Alitengeneza mageti, vitanda, mikokoteni ya punda, na plau nyingi kuliko vyote. Aliolewa na Paschal, mwalimu wa Ngulyati, mtu mpole ambaye alijifunza mapema kulala upande wa ukutani ili mkewe aamke anapotaka bila kumkanyaga.

Kilichomtoa Mektilda kwenye mageti ni tishari la Rahma.

Rahma ana duka la vifaa vya ujenzi mjini. Wengi wanamwita Mama Nasrin, kwa jina la binti yake. Miaka michache iliyopita alianza kufuga sato kwenye vizimba nje ya Kalemela, kule Busega, mbali kidogo na ufuko ambako maji ni safi. Samaki walikua vizuri. Shida ilikuwa kupeleka chakula kila siku kwa boti, na wezi waliokuja na nyavu zao kuvua kilichokwisha kufugwa. Ndipo aliponunua tishari kuukuu, chombo cha chuma kisicho na injini, bapa kama trei, lililowahi kubeba mchanga. Alitaka juu yake pawe na stoo ya chakula cha samaki na chumba cha mlinzi, na lenyewe likae majini mwaka mzima, kando ya vizimba.

"Nataka unifungie lile tishari," alimwambia Mektilda. "Lisiende popote."

"Mama Nasrin, mimi nimefunga mageti. Kitu cha ziwani sijawahi kukifunga."

"Geti ni chuma, tishari ni chuma. Nanga pia ni chuma. Nitafute nani mwingine?"

Mektilda alikubali. Siku zile alishinda Kalemela akikagua nanga za mitumbwi ya wavuvi, akizipindua, akizichora kwa chaki juu ya mawe. Aliporudi Bariadi alitengeneza nanga nne kubwa, kila moja na ndimi mbili pana mfano wa jembe la plau, ili zichimbe tope na kushika. Alinunua minyororo iliyotumika kwenye malori. Kila pembe ya tishari ikapata mnyororo wake na nanga yake. Wakazizamisha siku ya jua, ziwa limetulia, na Rahma akagawa soda.

Mwaka huo huo pamba ya Mhoja iliharibiwa na wadudu. Alikuwa ameshauza ng'ombe wake karibu wote, na sasa alikuwa akikaa tu uani kwa mama yake, kukaa ambako hakukuwa kule kwa kichuguu. Mektilda hakuvumilia kumwona hivyo. Akamwombea kazi kwa Rahma, awe mlinzi wa tishari.

"Mimi mtu wa nchi kavu," Mhoja alimwambia. "Maji nayajua ya kunywesha mifugo. Hata kuogelea sijui."

"Utakuwa na jaketi la kuelea. Na lile tishari nimelifunga mimi, kaka."

Mhoja akaenda kufungasha nguo zake.

Kwa miezi ya kiangazi mambo yalikwenda. Mhoja alilisha samaki asubuhi na jioni, akapika ugali kwenye jiko la mkaa, akazoea kulala sakafu ikipumua chini yake. Kisha mvua za vuli zikaanza. Alasiri moja Mektilda alikuwa akikata chuma kwa grenda, simu ikatetemeka mfukoni. Akazima mashine.

"Mektilda," Mhoja alisema kwa sauti ya kawaida, lakini nyuma yake upepo ulikuwa unapiga mabati. "Kilima kinatembea."

"Kilima gani?"

"Cha Kalemela. Kilikuwa usawa wa mlango wa stoo. Sasa nakiona dirishani. Na chini huku mnyororo unakwaruza, kama plau inapopita kwenye mawe."

Mektilda alielewa kabla hajamaliza. Kilima hakitembei. Nanga zilikuwa hazijashika kitu, na tishari lilikuwa linakokotwa na upepo pamoja na kaka yake.

"Vaa jaketi," alimwambia. "Ingia katikati, kaa mbali na kamba." Simu ikakatika.

Alipanda pikipiki jinsi alivyo, glavu bado mkononi. Njia nzima mpaka Lamadi mvua ilimpiga usoni, na kila alipojaribu kusimama ili apige simu, mguu ulikataa kukanyaga breki. Alipofika Kalemela upepo ulikuwa umeshakwisha na watu walikuwa ufukweni. Wavuvi walikuwa wamelivuta tishari kwa boti zao mpaka kwenye maji ya kina kifupi. Kizimba kimoja kilikuwa kimepasuliwa, na sato waliokuwa karibu kuvuliwa wametawanyika ziwani. Mhoja hakukaa katikati. Alikuwa amejaribu kulisukuma tishari lisiguse vizimba, kwa mti, peke yake, na kamba ya kizimba iliyokaza ghafla ilimbana mkono kwenye ukingo wa chuma. Alikuwa zahanati. Vidole viwili vya mkono wa kushoto havikuweza kuokolewa.

"Nisamehe, kaka," Mektilda alisema, amesimama miguuni pa kitanda.

"Samaki ndio wameondoka. Mimi nipo."

"Nilikwambia nimelifunga."

"Ulilifunga. Halikufungika." Mhoja akageuza uso ukutani, akalala.

Mama yao alikuja kutoka Kasoli kesho yake. Nyanjige hakumgombeza mtu. Alikaa na mwanawe, akamlisha uji, na jioni alipokuwa akiondoka alimuuliza Mektilda, "Alikuwa anajua kuogelea?"

"Hapana, mayu."

Nyanjige akaitikia kwa kichwa, akafunga khanga yake vizuri, akapanda gari. Hakurudia swali lile tena, na Mektilda angependelea alirudie, hata mara mia.

Tangu hapo ile hali yake ya kutotulia ikageuka kuwa kitu kingine. Zamani alikuwa anahangaika kwa sababu kazi ilikuwa inamwita. Sasa alihangaika upepo ukivuma tu. Bati likigonga mahali popote Bariadi, aliacha anachofanya akaenda nje kutazama mbingu ya upande wa ziwa, ingawa tishari lenyewe lilikuwa limevutwa mpaka kwenye mchanga na haliendi kokote. Alichomelea bawaba kichwa chini miguu juu kwenye geti la mteja. Paschal alimwambia apumzike wiki moja; alijaribu, na siku ya pili alikuwa ameshabomoa banda la kuku ili alijenge upya.

Rahma alimfuata karakana. Mektilda alitegemea lawama.

"Sikuja kulaumu," Rahma alisema. "Nataka kujua kwa nini. Nikijua kwa nini, ndiyo nitaamua kama nauza hili tishari au nalirudisha majini."

"Nanga ni za kwangu."

"Zako, ndiyo. Lakini hazikuvunjika. Nimeziona, ziko nzima. Kuna mtu Mwanza nimeongea naye, injinia, anashughulika na vyombo vya majini. Atakuja Alhamisi. Uwepo."

Injinia alikuwa mwanamke kijana aitwaye Nancy, amevaa kofia ya jua na buti za mpira. Alizizunguka zile nanga nne ufukweni, akapitisha kidole kwenye ncha za ndimi. Zilikuwa zimeng'aa, zimelika kama zimenolewa.

"Chuma kizuri," alisema. "Chini kuna nini?"

"Tope," Mektilda alijibu.

"Nani ameliona?"

Hakuna aliyekuwa ameliona. Alikuwa amepima kina kwa kamba yenye jiwe. Jiwe lilipotoka na tope, aliridhika.

Wakamtafuta Mashaka, mzamiaji anayetoa nyavu na injini zilizozama. Alishuka pale palipokuwa na tishari, akakaa chini mpaka Mektilda akaanza kutembea huku na huko ndani ya boti, na mwenye boti akamwomba asimame asije akawapindua. Mashaka alipoibuka alionyesha kiganja chake: tope lilikuwa limefika kwenye kifundo cha mkono tu.

"Chini ya hapo ni mwamba," alisema. "Bapa, kama sakafu. Kuna mistari myeupe minne mirefu, nanga zako zimeuchora."

Mektilda akarudi nao ufukweni. Pale alimwambia Nancy, "Basi nanga ya kuchimba haifai. Inatakiwa kitu kizito kikae tu. Zege."

"Zege, ndiyo. Lakini zege likizama, maji yanalibeba. Tani moja ya hapa ufukweni, kule chini unabaki uzito wa nusu tani na kidogo tu. Watu wengi wanasahau hapo."

Mektilda alilitafakari hilo kwa uchungu wa mtu aliyekaribia kukosea mara ya pili. Akauliza, "Na chuma? Chuma nacho kinabebwa hivyo hivyo?"

"Kinabebwa kidogo sana."

"Basi tutajaza chuma ndani ya zege. Kasoli na Bariadi kote kuna plau zilizokufa, magurudumu ya mikokoteni, vyuma vya mashine za pamba. Nipigie hesabu na chuma ndani."

Nancy akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa akapiga hesabu: upepo unavyolisukuma lile banda la stoo, mawimbi, urefu wa mnyororo. Alimweleza Mektilda kwamba mnyororo wenyewe ni sehemu ya kazi. Ukiwa mrefu na mzito unalala chini ziwani, na chombo kikivutwa kinalazimika kwanza kuuinua kabla ya kuligusa zege. Ule wa malori ulikuwa mfupi na mwepesi. Mektilda alisikiliza amesimama, akichora kwa ncha ya buti mchangani. Ugomvi wao ulikuwa mmoja tu, kuhusu kile kiungo kinachozunguka, kinachowekwa chini ya kila pembe ili tishari likiyumba mnyororo usijisokote. Nancy alitaka vinunuliwe Mwanza, vilivyofuliwa kiwandani. Mektilda alitaka kuvitengeneza.

"Tutavivuta tuone," Nancy alisema.

Mektilda alijenga kitanda cha kuvutia viungo, kwa chasisi ya lori, na jeki kubwa upande mmoja. Akafunga kiungo chake, wote wakasimama nyuma ya ukuta, akaanza kubana jeki kwa mpini mrefu. Kiungo kilivumilia, kikavumilia, kisha kikakatika kwa mlio uliomtoa nje muuza mkaa wa ng'ambo ya barabara. Mektilda alikiokota kingali moto. Ndani ya uchomeleaji wake, mahali ambapo jicho lisingefika kamwe, kulikuwa na tundu dogo kama punje ya mtama.

"Agiza vya Mwanza," alisema. Mnyororo mpya nao aliuvuta kipande kwa kipande kwenye kitanda kile, na alikataa vipande ambavyo muuzaji aliapa kuwa ni vizima.

Mazege waliyamwaga juu ya tishari lenyewe, baada ya kulirudisha majini kando ya ufuko. Hilo lilikuwa wazo lao wote wawili, kwa sababu hakuna winchi Kalemela ya kunyanyua mzigo kama ule. Yalimwagwa juu ya mbao zilizopakwa grisi, pembezoni kabisa, mawili mawili kwa kila pembe, yaliyoungwa kwa mnyororo mfupi ili moja likitaka kuteleza lingine lilizuie. Yalipokauka, boti zikalivuta tishari mpaka mahali pake.

Asubuhi ya kuyaangusha, Mhoja alikuja ufukweni, mkono umepona. Alikuwa na begi lake.

"Unaenda wapi?" Mektilda alimuuliza.

"Kazini."

"Hapana, kaka. Mama Nasrin atapata mlinzi mwingine, mtu wa ziwa."

"Nimeshaongea naye. Na hawa watoto wa mwambao wamenifundisha kuogelea, kidogo kidogo, kwenye maji ya kiunoni."

"Mimi siwezi tena kukwambia halitaondoka."

"Sikukuomba uniambie," Mhoja alisema. "Mara ya kwanza ulinihakikishia ukiwa umesimama uani kwa mama, umeridhika. Sasa hivi huridhiki na kitu chochote. Naona hivi ni afadhali." Akaingia kwenye boti, akakaa na begi magotini.

Kuyaangusha kulikuwa kazi ya hofu. Zege la kwanza liliposukumwa kwa jeki mpaka ukingoni, tishari lote liliinama upande ule, maji yakapanda juu ya sitaha. Lilipoanguka, chombo kilirushwa juu upande wa pili, na mnyororo ukakimbia ukipiga kelele juu ya chuma. Mektilda alikuwa amepiga mstari wa rangi nyekundu ambao hakuna mtu aliruhusiwa kuuvuka, na yeye mwenyewe alirudi nyuma ya mstari huo akiwa wa mwisho, kila mara. Pembe ya nne ilipokwisha Mashaka alishuka, akaibuka, akasema yote yamekaa kwenye mwamba, na hakuna mnyororo uliosokotana.

Upepo mkubwa ulikuja mwezi wa nne. Mektilda alikuwa Kasoli, anamsaidia mama yake kuezeka paa la jikoni. Aliliona wingu upande wa magharibi, jeusi, limenyooka chini kama limekatwa kwa kisu, akashuka ngazi.

"Unakwenda," Nyanjige alisema. Hakuwa anauliza.

"Nakwenda, mayu."

"Ngoja nivae viatu." Mama akaingia ndani, akatoka amevaa viatu vya kanisani, akapanda nyuma ya pikipiki.

Walifika Kalemela mvua inaanza. Ziwa lilikuwa na rangi ya majivu, na mawimbi yalikuwa yanavunjika mbali kuliko kawaida. Tishari lilionekana na kupotea katika mvua. Mektilda alichomeka fimbo mbili mchangani, moja mbele ya nyingine, zikiwa kwenye mstari mmoja na pembe ya stoo, akachutama nyuma yake. Liliyumba kushoto mpaka likatoka kwenye mstari. Akanyanyuka. Likarudi. Likayumba kulia, likakawia huko, akaanza kutembea kuelekea majini na buti zake mpaka mama yake akamshika shati kwa nyuma. Likarudi tena.

Nyanjige alisimama amejifunika mfuko wa nailoni kichwani, na alikuwa anatazama fimbo, siyo ziwa. Upepo ulipovuma kwa nguvu zaidi, nanga ya mtumbwi mmoja wa uvuvi ilikatika kamba, mtumbwi ukaja kupigwa ufukweni karibu nao. Wakasaidia kuuvuta pamoja na wenyewe. Mektilda alipogeuka kutazama tena, stoo ilikuwa kwenye mstari wa fimbo.

Mvua ilipopungua simu ilishika. "Huku kumelowa," Mhoja alisema. "Chakula cha samaki mifuko kadhaa imeharibika. Mwambie Mama Nasrin paa la stoo linavuja."

"Na kilima?"

"Kiko mlangoni."

Mektilda akampa mama yake simu. Nyanjige aliongea na mwanawe Kisukuma kwa muda mrefu, mambo ya nyumbani, ndama aliyezaliwa, jirani aliyefiwa. Mektilda hakuweza kusimama akasikiliza. Alikuwa ameshakwenda kuulizia boti, kwa sababu alitaka kuiona minyororo kabla giza halijaingia, hasa pale inapogusa mwamba.

Mhoja alifanya kazi juu ya maji misimu miwili zaidi, akanunua ng'ombe, akarudi Kasoli. Rahma ana vizimba vingi sasa, na mlinzi ni mwanamume wa Kalemela mwenye redio kubwa. Watu wa vizimba wengine nao wamemfuata Mektilda, na wenye pampu inayoelea kwenye bwawa moja upande wa Meatu. Anawajibu wote jibu moja, kwamba hachukui kazi mpaka Mashaka ashuke aone chini kuna nini, hata kama wenyewe wamezaliwa hapo na wanaapa wanajua. Wengine hukasirika wakaenda kwa fundi mwingine.

Mageti ameyaachia mafundi wake. Kila baada ya masika huenda Kalemela, Mashaka humletea juu pete za mnyororo zinazosuguana na mwamba, naye huzipima unene kwa kifaa alichopewa na Nancy. Mwaka jana moja ilikuwa imelika karibu robo. Rahma alisema ingeweza kungoja mwaka mwingine, na Nancy, kwa simu, alisema hivyo hivyo. Mektilda aliibadilisha kabla ya saa sita mchana, akala samaki wa kuchoma amesimama kando ya boti, akaondoka kuelekea Meatu.